Panzi Wawili wa Daktari

Daktari alikuwa mtu wa salamu. Haingii dukani, wala hata kwenye lifti ya hospitali, bila ya kutoa salamu kamili na mkono kifuani. Siku moja tu nilimwona akiiacha. Tulikuwa Nizwa, tumekwenda kuchukua vifaa vya kliniki, naye kama kawaida yake akasema tupitie sokoni kidogo tu. Kwenye duka moja la vitu vya kale tukamkuta mwenye duka amepakata upanga, upanga mzee wa Kiomani, mpini wake mrefu umevishwa ngozi na nyuzi za fedha, naye anausugua kwa msasa huku jasho linamtoka, utadhani anaosha sufuria lililoungua.

Daktari aliingia hivyo hivyo, akamshika mkono.

"Weye," alimwambia, kwa Kiarabu kwanza, kisha hasira zilipompanda akarudia kwa Kiswahili, "mama yako akizeeka, utampiga msasa?"

Kumbe yule bwana naye ni wa Kiswahili, alielewa kila neno. Akajitetea kwamba wateja wanataka kinachong'aa. Daktari akamwambia wateja hao awauzie sinia. Wakapandishiana sauti mpaka watu wakajaa mlangoni, na mimi nikajifanya natazama mitandio duka la pili, kana kwamba sikuja na mtu.

Siku ile niliona haya. Leo sioni. Leo, baada ya yote yaliyotokea ndani ya nyumba yake mwenyewe, naona alisema kidogo.

Nilikuwa msaidizi wake katika kliniki yake ya meno hapa Ibra. Nilianza bado msichana, nikaondoka nina wajukuu. Jina lake sitalitaja. Aliyepata kuumwa jino upande huu wa Sharqiya anamjua, na asiyemjua hatapungukiwa na kitu. Kwetu sisi alikuwa Daktari tu. Asubuhi ninamwamkia "Shikamoo Daktari," naye anajibu "Marahaba mwanangu, nani wa kwanza?" na kazi inaanza.

Sisi tumetoka bara, Tabora kisha Bujumbura, na Kiswahili changu kilimkera. Yeye Kiswahili chake kilikuwa cha Unguja mjini, kile cha zamani. Nikisema kitu kiko kwenye droo, alikuwa anasimama, sindano ya ganzi mkononi, mgonjwa kaachama mdomo, anasubiri mpaka niseme "mtoto wa meza". Mgonjwa asipofahamu Kiswahili hudhani mimi na Daktari tumegombana kwa ajili ya jino lake.

Kwa wagonjwa alikuwa mpole kupita kiasi. Vidole vyake vilikuwa vinene kama vya mkulima, lakini watoto walikuwa hawalii. Kung'oa jino kulimuudhi. Alikuwa akisema, "Kung'oa ni kazi ya koleo. Miye si koleo." Angeweza kukaa na gego moja bovu asubuhi nzima, analiziba, analichonga, analivisha kofia, ilimradi libaki mahali pake. Na wale vijana waliokuja kutaka meno yao yapaushwe mpaka yawe kama vigae vya bafuni, aliwafukuza kwa adabu. Wengine aliwafukuza bila adabu.

Yeye mwenyewe meno yalikuwa yamekwisha kwa halua. Hilo nalisema kwa sababu nataka mumjue sawasawa, si kwa kumpamba. Adhuhuri, akimaliza kumgombeza mtoto wa watu kwa peremende, anafunga mlango, anakaa na kahawa na kibakuli cha halua, anakikomba kwa kidole. Na mtu huyu aliyependa panga kuliko chochote hakuweza kuchinja hata kuku. Kila mwaka kabla ya Idi alikwenda soko la Sinaw kununua mbuzi. Kwa hakika alikuwa akienda kutazama majambia ya mabedui, yale waliyoyavaa viunoni mwao, hata mmoja akamuuliza anamtazama yeye au tumbo lake. Mbuzi alimnunua, akamleta shambani kwake Al Qabil, na ikifika siku yenyewe anasema huyu bado mdogo, tununue nyama. Lile shamba likajaa mbuzi wazee waliokula mpaka majani ya migomba.

Mapenzi ya panga za Kijapani aliyapata Sur, kabla sijamjua. Alikuwa akifanya kazi hospitali kule, akaja kutibiwa mhandisi mmoja wa Kijapani, jino limepasuka. Daktari alimchongea kofia ya jino kwa nta, akaifunika kwa plasta, akaiyeyusha nta ikatoka, akamimina madini pale ilipokuwa nta. Mjapani akaomba aruhusiwe kukaa atazame. Alipomaliza kutazama akasema kwa Kiingereza chake kidogo kwamba kwao kuna watu hutengeneza vyombo vya panga kwa njia hiyo hiyo. Juma lililofuata alirudi si kwa jino, bali na kipande cha chuma cha mviringo kwenye kitambaa: kile kikingio kinachokaa baina ya mpini na upanga kuulinda mkono. Hakikuwa na fedha wala kito. Chuma kitupu, cheusi, kimetobolewa katikati, na pembeni pamechongwa mvua. Daktari alikuwa akinihadithia jambo hilo kila mara kwa maneno yale yale: "Mvua, mwanangu! Mtu kachukua chuma akakinyeshea mvua!"

Urafiki wao haukukatika. Daktari alikwenda Japani kwa likizo, na badala ya kutembea mijini alikwenda kukaa nyuma ya mzee mmoja msuguaji wa panga, akimtazama anavyosugua kwa mawe, jiwe baada ya jiwe, kutoka la kukwaruza mpaka lile jembamba kama ukucha linalobandikwa kwenye kidole gumba. Akarudi na msemo wake ambao kliniki nzima tuliukariri: "Usichokijua usikisugue." Na kanuni yake ya kutu: kutu nyekundu ni maradhi, itibu, kutu nyeusi ni umri, iheshimu. Lile shina la upanga, sehemu inayoingia ndani ya mpini isionekane, Wajapani hawalisafishi kamwe. Linaachwa lizeeke, na weusi wake ndio unaowaambia wajuzi upanga una umri gani. Jina la mhunzi limechongwa hapo. Atakayelisafisha shina amemfuta mtu.

Mhandisi alipofariki, mjane wake alimwita Daktari, akamkabidhi upanga mfupi wa mumewe pamoja na vyombo vyake vyote. Watoto wao hawakuutaka. "Kaniambia bora ukae na mtu anayeujua," Daktari alisema, na machozi yakamlengalenga. Pale uwanja wa ndege afisa wa forodha alizikagua karatasi zake, akamuuliza upanga huo wa kuchezea razha, ile ngoma ya panga? Akakosea kuuliza. Daktari alimpa darsa la mhunzi na udongo na maji, foleni ikarefuka nyuma, mpaka afisa akamwambia, "Nenda, baba, nenda, Mungu akubariki."

Mimi aliniletea kuutazama mchana mmoja, kliniki imefungwa kwa mapumziko. Akatandika taulo nyeupe juu ya meza ya vifaa, akanawa mikono kama anayetaka kutibu, akaniambia nisipumue juu ya chuma. Kisha akasukuma kijiti cha mwanzi kilichopita kwenye mpini, kidogo kama cha kuchokolea meno, na upanga wote ukafunguka. Kijiti hicho tu ndicho kilichoushika. Akavipanga vipande kimoja kimoja. Ubapa, na kando ya makali yake ukungu mweupe unaokwenda kama mawimbi yanapoishia mchangani. Akanieleza kwamba mhunzi huupaka udongo kabla ya kuutia motoni na kuuchovya majini, na pale udongo ulipokuwa mwembamba ndipo ukungu huo unapozaliwa. Kikingio cha chuma chenye majani marefu ya kiangazi, yametiwa kwa dhahabu nyembamba kama unywele. Kisu kidogo cha kuchomeka ubavuni mwa ala, na juu ya mpini wake mwezi. Na mpini wenyewe, umevishwa ngozi ya samaki taa, ukasokotwa kwa utepe wa hariri. Na chini ya utepe, nusu wamejificha, panzi wawili.

Wadogo kama kunde mbili. Weusi, lakini ukiwageuza kwenye mwanga weusi wao una zambarau ndani. Mmoja upande huu, mmoja upande ule, na mmoja ana kipapasio kimoja kifupi kuliko kingine.

"Umewaona?" aliniuliza.

"Nimewaona, Daktari."

"Sasa shika mpini."

Nikashika. Wakapotea chini ya kiganja.

"Huwaoni tena. Unawahisi. Fundi alikaa pengine mwezi mzima na panzi wasioonwa na mtu, ila mkono wa mwenyewe." Akacheka peke yake. "Majani kwenye kikingio, mwezi kwenye kisu, panzi ndani ya majani. Usiku wa kiangazi mzima, umo kwenye upanga mmoja. Ukitoa kimoja, si usiku tena, ni mapambo."

Ule weusi wa panzi ndio uliomtia wazimu. Ni shaba iliyochanganywa na dhahabu kidogo, inachemshwa kwenye maji ya dawa mpaka inageuka rangi, na kabla ya kuchemshwa, Wajapani huisugua kwa figili iliyokunwa. Figili! Mboga tunayokula na samaki. Daktari aliagiza figili kwa majirani wote, akazikuna pale kliniki, akachemsha vipande vya shaba kwenye chombo chetu cha kusafishia vifaa. Wagonjwa wakaingia wanashika pua. Alipata kahawia, alipata kijani, akapata rangi moja kama ya ini lililooza. Weusi hakuupata. Hakuona haya kusema hakuupata.

Lakini asikudanganye mtu kwamba alidharau vya kwetu. Alikuja mgeni mmoja, msomi, akaketi kwenye kiti cha kliniki akasema kwa bashasha kwamba ukilinganisha, majambia yetu ni urembo mtupu, sanaa iko Japani. Daktari alikuwa ameshika kioo cha kutazamia meno. Akakiweka chini. Akampeleka mpaka ukutani palipoangikwa jambia la babu yake, akamwonyesha kila pete ya fedha, kila uzi uliodariziwa kwenye ngozi ya ala, akamuuliza ni nani aliyeufua uzi huo na kwa muda gani. Msomi hajui. "Hujui, na unasema. Funga mdomo," akamwambia. Kisha akakumbuka, akasema, "Hapana, ufungue, tumalize jino."

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Alimkemea muuza duka, alimkemea msomi, aliwahi kumsimamisha meneja wa hoteli aliyepanga majambia ya watu ukutani kwa gundi. Nchi nzima aliifundisha bila ya kuombwa. Na mimi, mtoto wa watu, alinifundisha mpaka nikajua kuufungua na kuufunga ule upanga macho yamefumbwa.

Basi niambieni. Mtu kama huyu, ilikuwaje mwanawe asijue kitu?

Daktari alikuwa mjane, na nyumbani alikuwa na mtoto mmoja wa kiume, Khalfan, ambaye sasa ni mtu mzima, ana kazi ya ofisi Nizwa na watoto wake. Ni kijana mwema. Nalisema hilo na hasira zangu zikiwa pale pale. Daktari alipofunga kliniki akahamia shambani Al Qabil, na Khalfan akawa anakuja kila Ijumaa. Kisha kiharusi kikampiga Daktari upande wa kulia. Mkono ule ukalala. Maneno yakawa yanatoka moja moja, kama maji ya mfereji wa falaji wakati wa ukame. Akalazwa muda mrefu hospitali.

Akiwa huko ndipo aliponipigia simu Mwanahamisi, dada kutoka Tanga anayefanya kazi pale nyumbani na kumwangalia mzee.

"Dada Salma, hebu njoo. Wamelifungua lile sanduku la Mzee, la upanga. Mimi nimesema, hawanisikilizi, mimi ni nani?"

Nilifika mchana, majlis, chumba cha wageni, inanuka rangi mpya. Khalfan alikuwa akiikarabati ili baba yake akirudi aikute imependeza. Kitu cha kwanza nilichokiona ni kikingio, kile chenye majani ya dhahabu, kimepigiliwa ukutani kwa msumari uliopita katikati ya tundu lake. Chini yake, juu ya vishikio viwili vya shaba, upanga. Sikuutambua. Ulikuwa unang'aa kama bampa la gari. Wameupeleka sanaiya, mtaa wa magereji, Nizwa, kwa watu wanaong'arisha rimu za magari, wakaupitishia mashine. Ule ukungu wa mawimbi haupo. Nikaushusha, nikatazama shina. Jeupe, safi, laini. Mtu aliyeandika jina lake pale, kwa mkono wake, kabla ya babu wa babu zetu, amefutwa mchana mmoja na mashine ya rimu.

"Nani kafanya hivi?"

Khalfan aliingia anatabasamu, mikono ina rangi. "Khalti Salma! Karibu. Umeona? Ilikuwa na kutu nyingi sana, ile chini yote ilikuwa nyeusi."

"Mpini uko wapi?"

"Ile kitambaa yake ilikuwa imeoza, tumekata."

Mwanahamisi, mlangoni, alinionyesha kwa kidevu. Utepe wa hariri ulikuwa kwenye ndoo ya taka, umekatwa kwa mkasi.

"Na panzi?"

Uso wake ukafunguka kwa furaha. Akaniambia hiyo ni siri. Wako kwa sonara Nizwa. Anamtengenezea baba jambia jipya kwa ajili ya Idi, na wale panzi watakaa mbele, juu ya ala, katikati ya fedha, kila mtu awaone. "Baba anapenda Japani, anapenda Oman. Mimi nimeunganisha."

Sijui niligeuka rangi gani. Nilimwambia kwamba amefanya jambo ambalo baba yake amewatukana watu kwa robo yake. Nilimwambia kwamba vitu vile vilikuwa amana ya mjane wa watu. Nilimwambia panzi wale waliumbwa wasionekane. Nilimwambia mengi, na mengine si ya kuandika.

Alisikiliza. Kisha akasema polepole, na sasa hatabasamu:

"Wewe unajua yote haya kwa sababu alikuonyesha. Kliniki, mchana, wewe na yeye. Mimi hajanionyesha hata siku moja. Nikikaribia tu ile sanduku, 'usiguse'. Nina miaka sita, usiguse. Nimeoa, nina watoto, usiguse. Nitajua wapi, khalti? Nitajua vipi?"

Hilo likazidi kunikasirisha.

Nikapanda gari nikaenda Nizwa moja kwa moja mpaka kwa yule sonara, nikidhani pengine bado nitawawahi. Sikuwawahi. Walikuwa wamekwisha lehemiwa. Moto ulikuwa umekula weusi wote, wamekuwa wekundu kama senti mpya, na mmoja kabandikwa kichwa chini. Sonara, mzee mtaratibu, aliniambia aliuliza hivi ni nini, akajibiwa ni mapambo ya baba. Akaniuliza mimi ni nani katika jambo hili. Swali la haki. Mimi si ndugu, si mrithi. Nilikuwa mpokezaji wa koleo na pamba. Nikarudi Ibra nimeushika usukani kana kwamba nataka kuung'oa.

Daktari alirudi nyumbani siku chache kabla ya Idi. Hakuingizwa majlis, Khalfan alitaka kila kitu kiwe siku yenyewe. Mimi niliapa sitakwenda, na asubuhi ya Idi nikawa wa mwanzo mlangoni. Nilitaka awepo mtu mmoja anayejua alichokipoteza Daktari.

Alikuwa amekalishwa kwenye kiti cha magurudumu uani, dishdasha nyeupe, kilemba amefungwa na Mwanahamisi, kimeegemea upande. Nikamwamkia. Akainua mkono wa kushoto akaniwekea kichwani. Khalfan akatoka na sanduku la mahameli, akapiga goti mbele yake, akalifungua.

Daktari alitazama muda mrefu. Nilimwona anawafikia panzi. Niliona midomo yake inavyokaza, ule mkazo niliokuwa nikiujua, unaotangulia mvua ya maneno, na moyoni nikasema, mwambie. Mwambie sasa, kwa maneno yako moja moja, mwambie.

"Baba," Khalfan alisema, na sauti ilikuwa ya mtoto, "hii panzi imekaa vizuri?"

Daktari akavuta pumzi.

"Huyu," alisema.

"Naam, baba?"

"Si hii. Huyu. Huyu panzi. Kakaa..." Akatafuta neno. "Kakaa kichwa chini."

"Nitamrudisha kwa sonara, atamgeuza."

"Muache." Kisha akainua kidevu kidogo, kama anavyofanya mtu anayetaka kufungwa mkanda. "Nivalishe."

Khalfan akamvalisha. Akaenda kuleta kahawa ya wageni, anatembea kama anayeruka. Nikainama karibu na sikio la Daktari, maana sikuweza kunyamaza zaidi.

"Na upanga umesagwa. Upo ukutani, na shina limesafishwa. Unajua?"

Akafumba macho. Alikuwa hajui. Nilikuwa nimempiga nikiwa na haki yangu yote, na haki yangu haikunisaidia kitu kumwona uso ule.

"Kwa nini hukumfundisha?" nilimuuliza. "Umenifundisha mimi. Umefundisha mpaka watu wa forodha. Mtoto wako, Daktari!"

"N'lidhani..." Alipumzika. "N'lidhani ataharibu."

"Kaharibu."

"Kaharibu," alikubali.

Wageni wakaanza kuingia: jirani wa shamba la pili na wanawe, kisha wazee waliowahi kukaa kwenye kiti chetu cha kliniki na midomo wazi. Mmoja wao, mzee mwenye fimbo, alimpa Daktari mkono wa Idi, akaliona jambia, akainama mpaka ndevu zikagusa fedha.

"Mashallah. Wadudu gani hawa? Nani fundi?"

Nilisubiri. Wallahi nilisubiri nisikie chochote: tusi, kilio, hata kimya.

"Mwanangu," alisema Daktari. "Kazi ya mwanangu. Yule."

Khalfan alikuwa nyuma na dele la kahawa. Kahawa ikamwagika kwenye sahani ya halua. Mzee mwenye fimbo akampongeza, na wengine wakampongeza, na Khalfan akasimama pale machozi yanamtoka mbele ya watu wazima bila ya kuyafuta.

Nasema kweli yangu: mimi sikulainika. Wengi walionihadithia siku ile baadaye waliilia. Mimi nilikuwa na ule utepe wa hariri machoni, ndani ya ndoo ya taka. Nilikuwa na mzee wa Japani na mawe yake. Niliwakasirikia wote wawili, yule aliyeharibu na yule aliyefungia, na bado nimewakasirikia, na asiniambie mtu kwamba la muhimu ni mapenzi. Mapenzi walikuwa nayo tangu mwanzo. Hayakuzuia kitu.

Nikachukua mkoba wangu niondoke. Nilipofika mlangoni nikamsikia Daktari anamwita mwanawe, na nikageuka. Alikuwa ameishika kanzu ya Khalfan kwa ule mkono wake mmoja, anaivuta chini.

"Kaa," alimwambia. "Kaa hapa. Weka dele."

Khalfan akakaa chini kwenye mkeka, mbele ya magoti ya baba yake, wageni wamesimama na vikombe vitupu.

"Huyu panzi," Daktari alianza, "alikuwa mweusi."

Akapumzika, akakusanya pumzi. Khalfan hakumharakisha.

"Sasa sikiliza nikwambie vipi."